Roxanne Shanté: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu binti aliyejibu

Mwaka 1984 vijana wa kundi la UTFO kutoka Brooklyn, New York, walitoa “Roxanne, Roxanne”, wimbo wa kumlalamikia msichana mrembo aliyewakataa wote. Msichana huyo hakuwa mtu. Lilikuwa jina tu la kwenye wimbo: Roxanne. Kabla majira yale ya baridi hayajaisha jina hilo lilikuwa limepata mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa wa binti wa miaka 14. Haya ni maswali ambayo watu huuliza sana kumhusu, pamoja na majibu yake. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili, mengine yanataka kikao.

Roxanne Shanté ni nani?

Jina lake la kuzaliwa ni Lolita Shanté Gooden. Alikulia Queensbridge, mtaa wa nyumba za serikali ulioko Queens, jijini New York, kando ya mto East River. Mtaa huo ulifunguliwa mwaka 1939, una majengo 96 ya matofali, na ndio mkubwa kuliko mitaa yote ya aina yake Marekani. Humo ndimo alimoishi prodyuza Marley Marl, humo alitoka rapa MC Shan, na baadaye marapa Nas na Havoc wa kundi la Mobb Deep. Ukitaja Queensbridge mbele ya mpenzi wa hip-hop umetaja kijiji cha washairi.

Shanté alianza kuchana mistari akiwa bado wa shule ya msingi. Amesimulia kwamba aliyemtia hamu ya vina ni mchekeshaji Nipsey Russell, ambaye alikuwa akizungumza kwa mashairi kwenye televisheni. Kufikia miaka 14 alikuwa anajulikana mtaani kama binti ambaye ukimchokoza utajuta.

“Roxanne's Revenge” ilirekodiwaje?

Huo ndio wimbo wa Shanté wa kuwajibu UTFO, na kisa chenyewe ndicho hiki. Marley Marl, mtangazaji Mr. Magic na mwenzao Tyrone “Fly Ty” Williams walikuwa wamesimama nje wakinung'unika. UTFO walikuwa wameshindwa kutokea kwenye onyesho ambalo Mr. Magic alilitangaza, na wao waliachwa na aibu. Binti akapita, akasikia, akasema yeye anaweza kuwajibu. Shanté mwenyewe husimulia kwamba siku hiyo alikuwa na nguo za kufua, akapanda kwa Marley, akarekodi, kisha akarudi kwenye nguo zake.

Hakuandika chochote. Alisimama mbele ya mikrofoni katika nyumba ya Marley, mdundo wa UTFO ukapigwa, naye akachana kwa fristaili mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo mmoja. Sauti yake ni nyembamba, kali, ya mtoto hasa. Mtu akiisikia mara ya kwanza hushtuka, kwa sababu masikio yamezoea kuisikia sauti ya umri huo ikiomba ruhusa.

Mr. Magic alikuwa na kipindi cha “Rap Attack” kwenye redio ya WBLS, hivyo wimbo haukuhitaji kupiga hodi mahali pengine. Lebo ndogo ya Pop Art ya Philadelphia ikautoa, na inatajwa kwamba katika eneo la New York pekee uliuza zaidi ya nakala 250,000. Kwa kuwa mdundo ulikuwa wa watu, maneno ya kisheria yakafuata, ukarekodiwa upya mwaka 1985 ukiwa na mdundo mwingine na matusi yamepunguzwa. Ukitaka kuelewa kelele zote zile, tafuta toleo la kwanza.

Alikuwa anajibu nini hasa?

Katika wimbo wa UTFO, rapa watatu, yaani Kangol Kid, Educated Rapper na Doctor Ice, wanajitokeza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akieleza jinsi alivyojinadi kwa Roxanne na jinsi Roxanne alivyomringia. Mwisho wake msichana anabaki mwenye makosa: anajiona, hajui thamani ya wanaume waliomfuata.

Shanté alifanya jambo jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Alilichukua lile jina, akalivaa, akasema: mimi ndiye huyo mnayemsema, na sasa nisikilizeni. Kisha akawapitia mmoja mmoja kwa zamu, kwa mpangilio uleule walioutumia wao, akieleza kwa nini kila mmoja alistahili kukataliwa. Mtu aliyekulia kwenye taarab hatashangaa. Mipasho tunaijua, na tunajua kwamba anayejibu ana faida moja kubwa: ameshasikia kila kitu. Kwenye rekodi za hip-hop za wakati ule, hata hivyo, hakuna binti aliyekuwa amewajibu wanaume kwa majina yao, hadharani, na akasikika kuwashinda.

Mimi naamini hapo ndipo ulipo umuhimu wake wote. Msichana aliyekuwa mada ya wimbo aligeuka kuwa msemaji. Mengine yaliyofuata, vita, albamu, tuzo, yametoka kwenye kitendo hicho kimoja.

Je, Roxanne Shanté na The Real Roxanne ni mtu mmoja?

Hapana, na kosa hili hufanywa kila siku. UTFO na watayarishaji wao, Full Force, walipoona jina lao limechukuliwa, walitafuta msichana wao na kumwita The Real Roxanne, kwa maana kwamba huyu ndiye halisi. Kwanza alikuwa Elease Jack, kisha nafasi ikachukuliwa na Adelaida Martinez wa Brooklyn, mwenye asili ya Puerto Rico, ambaye mwaka 1986 alivuma kwa “Bang Zoom” akiwa na Hitman Howie Tee. Alikuwa rapa mzuri kwa haki yake mwenyewe. Lakini ni Roxanne mwingine.

Vita vya Roxanne vilikuwa nini?

Baada ya UTFO, Shanté na The Real Roxanne, kila mwenye mikrofoni alitaka kuingia. Zikaja nyimbo za wazazi wa Roxanne. Ukaja wimbo wa kudai kwamba Roxanne ni mwanaume. Akaja daktari wake. Hesabu zinatofautiana, wapo wanaozitaja nyimbo thelathini na kitu na wapo wanaofika mia. Nyingi zilikuwa takataka, tuseme ukweli.

Aliyestahili kusikilizwa ni Sparky D wa Brooklyn, aliyemvaa Shanté kwa “Sparky's Turn”. Wawili hao walipambana jukwaani na hata wakatoa rekodi ya pamoja iliyopangwa kama raundi za ngumi. Mabinti wawili, wote wadogo, wanatukanana kwa ustadi mkubwa mbele ya wanaume wanaoshangilia na kuhesabu fedha za tiketi. Nikiisikiliza leo napenda mistari, na wakati huohuo naumia kidogo.

Je, ndiye mwanamke wa kwanza kuchana?

Si yeye, na hakuna haja ya kumpa sifa ya wengine ili kumkweza. MC Sha-Rock wa Bronx alikuwa kwenye kundi la Funky 4 + 1 tangu miaka ya 1970, na Februari 1981 walionekana kwenye “Saturday Night Live”, televisheni ya taifa zima. The Sequence, wasichana watatu wa Columbia, South Carolina, walitoa “Funk You Up” mwaka 1979 chini ya Sugar Hill Records, lebo iliyoendeshwa na mwanamke, Sylvia Robinson.

Lakini hao walisikika zaidi wakiwa ndani ya makundi. Shanté alikuwa mmoja wa wa kwanza kabisa kusimama peke yake na kuwa nyota kwa jina lake, bila kundi la kumkinga, na tena akiwa katikati ya bifu aliloliwasha mwenyewe.

Ni kweli alinyimwa ushindi mwaka 1985?

Mwaka huo kulikuwa na shindano la ma-MC, yaani marapa, kwenye kongamano la New Music Seminar, New York. Shanté aliwapiga wapinzani mmoja baada ya mwingine mpaka fainali, alipokutana na Busy Bee, mkongwe wa majukwaa ya Bronx. Taji likaenda kwa Busy Bee. Mmoja wa majaji alikuwa rapa Kurtis Blow, na alama aliyompa Shanté ilikuwa ya chini kiasi cha kuamua matokeo.

Kwa maelezo ya Shanté, Kurtis Blow alikuja kumweleza baadaye sababu: hip-hop ilikuwa bado inapigania heshima, na isingeonekana kitu cha maana endapo bingwa wake angekuwa binti wa miaka 15. Kama ni hivyo, basi hakushindwa kwa mistari. Alishindwa kwa umri na jinsia, vitu ambavyo hakuna mazoezi ya kuvirekebisha. Shanté amelizungumza jambo hili mara nyingi katika maisha yake ya utu uzima, na huwa halizungumzi kama mtu aliyelisahau.

Nafasi yake katika Juice Crew ilikuwa ipi?

Juice Crew lilikuwa kundi la wasanii waliomzunguka Marley Marl na Mr. Magic: MC Shan, Biz Markie, Big Daddy Kane, Kool G Rap, Masta Ace, Craig G. Ukiwataja mashabiki majina hayo wanasimama wima. Shanté alikuwa mwanamke pekee mwenye jina kubwa kati yao, na katika miaka ya mwanzo ndiye aliyefungua njia. Biz Markie, kabla hajawa Biz Markie wa dunia nzima, alikuwa akipiga mdundo kwa mdomo nyuma yake. Msikie kwenye “The Def Fresh Crew”.

Vita vya maneno kati ya marapa wa Queensbridge na wa Bronx vilipolipuka, KRS-One wa Boogie Down Productions alimtaja Shanté kwenye “The Bridge Is Over” mwaka 1987 kwa mstari mchafu wa kumdhalilisha kimwili. Alikuwa na miaka 17. Wanaume wenzake kwenye kundi walitukanwa kwa uwezo wao wa kuchana, yeye akatukanwa kwa mwili wake. Alijibu mwaka huohuo kwa “Have a Nice Day”, wimbo wa mtu asiye na haraka wala jasho, ambamo anamwambia KRS-One kwamba jina lake linasikika kama kituo cha redio kibovu na aende likizo. Kumtakia adui siku njema ni kipaji.

Je, mistari aliandikiwa?

Mingine ndiyo. “Have a Nice Day” na “Go On, Girl” ya 1988 ziliandikwa na Big Daddy Kane, na jambo hilo halikuwahi kuwa siri kubwa. Wapo wanaolitumia kumshusha. Nawaomba wakumbuke mambo mawili. Kwanza, wimbo uliomtoa haukuandikwa na mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, kwani ulitoka kichwani papo hapo. Pili, Kane aliwaandikia wengine pia, wakiwemo wanaume. Biz Markie ni mmoja wao, na Biz hajawahi kuulizwa swali hili kwa sauti ya mashtaka.

Kwenye fristaili ndiko alikokuwa hatari zaidi. Studio ilimpunguza kidogo.

Ana albamu ngapi?

Mbili za studio: “Bad Sister” ya mwaka 1989, iliyotoka kwenye lebo ya Cold Chillin' chini ya usimamizi wa Marley Marl, na “The Bitch Is Back” ya mwaka 1992. Zilichelewa. Kati ya 1984 na 1989 ni miaka mitano, na kwa hip-hop ya wakati ule miaka mitano ni kizazi kizima. Watu walishahamia kwingine.

Mafanikio yake makubwa ya chati yalikuja kwenye wimbo wa mtu mwingine. Mwaka 1988 alishiriki katika “Loosey's Rap” ya Rick James, na ukapanda hadi namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi ya Billboard.

Alilipwa inavyostahili?

Shanté amesema mara kwa mara kwamba hakulipwa. Alikuwa mtoto, hakuwa na mwanasheria wa kumsomea mkataba, na fedha zilipitia mikono mingi kabla ya kumfikia. Ongeza kwamba alikuwa mama akiwa bado kijana mdogo, na nyumbani kulikuwa na watu waliomtegemea. Alikuwa akizunguka kwenye maonyesho huku wenzake wa rika lake wakiwa darasani.

Tunapenda kusimulia miaka ya mwanzo ya hip-hop kama sherehe. Ilikuwa sherehe, ndiyo. Pia ilikuwa biashara iliyojengwa kwa vipaji vya watoto maskini, na msichana alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya malipo.

Kwa nini aliacha muziki mapema?

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 alikuwa amejiondoa, akiwa na miaka ishirini na kitu. Uchovu, ulezi, na biashara isiyomlipa ni sababu tosha. Albamu yake ya pili ina wimbo wa “Big Mama”, ambamo anawashambulia karibu marapa wote wa kike waliokuwa juu wakati huo, Queen Latifah na MC Lyte wakiwemo. Kiufundi ni wimbo mkali. Ila ndani yake nasikia mtu aliyefungua mlango, kisha akasimama nje na kuwaona waliopita wakikaribishwa mezani.

Je, ana shahada ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Cornell?

Hapana. Mwaka 2009 gazeti la Daily News la New York liliandika kwamba mkataba wake wa zamani ulikuwa na kifungu cha kumlipia masomo maisha yake yote, na kwamba kampuni ya rekodi ililazimika kumsomesha hadi udaktari wa saikolojia. Habari ikasambaa kama moto wa nyikani. Siku chache baadaye jarida la Slate lilifuatilia, na ikabainika kwamba Cornell hawakuwa na rekodi ya shahada hiyo, na kwamba muda aliosoma katika chuo cha Marymount Manhattan ulikuwa mfupi tu. Gazeti likalazimika kurekebisha.

Bado utaikuta habari ile ikizunguka mitandaoni, imeandikwa upya na watu wenye nia njema. Usiisambaze. Naelewa kwa nini inapendwa: sote tulitamani mara moja tu mkataba umgeukie mwenye nao, umfae binti. Lakini mafanikio yake ya kweli yanatosha, hayahitaji shahada ya kuazima.

Filamu ya maisha yake inaeleza ukweli?

“Roxanne Roxanne”, iliyoongozwa na Michael Larnell, ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2017 na kuingia Netflix Machi 2018. Chanté Adams, aliyemwigiza Shanté, alipata tuzo maalumu ya majaji Sundance. Nia Long ndiye mama, na Mahershala Ali anaigiza mwanaume mtu mzima aliyeingia maishani mwake na kumpiga. Shanté mwenyewe alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu, kwa hiyo ni maisha yake kama yeye alivyotaka yaonekane.

Anayekwenda kutafuta historia ya muziki atatoka na njaa, kwa sababu studio na majukwaa yanapita haraka. Filamu imekaa zaidi nyumbani: mama aliyedunduliza fedha za kununua nyumba akatapeliwa, wadogo wanaohitaji kula, kipigo ambacho majirani wanakisikia. Wengine walilalamika. Mimi naona ilikuwa sawa, maana sauti ile ya 1984 ilitoka kwenye nyumba hiyo.

Yuko wapi siku hizi?

Ni mtangazaji. Kwenye Rock the Bells Radio, chaneli ya rapa LL Cool J iliyoko kwenye redio ya SiriusXM, anaendesha kipindi ambacho jina lake linatokana na wimbo wake, “Have a Nice Day”. Amezungumza wazi pia kuhusu kuugua na kupona saratani ya matiti.

Mwaka 2025 Recording Academy, taasisi inayotoa Grammy, ilimpa tuzo ya heshima ya mafanikio ya maisha, akiwa rapa wa kwanza wa kike anayechana peke yake, bila kundi, kuipata. Mwaka huohuo walitunukiwa pia Prince na The Clash. Miaka arobaini tangu nguo zile za kufua.

Urithi wake unaonekana wapi?

Angalia wanawake waliomfuata waliingiaje. Salt-N-Pepa walianza mwaka 1985 kwa “The Showstopper”, jibu kwa “The Show” ya Doug E. Fresh na Slick Rick. MC Lyte, ambaye mwaka 1988 alikuwa rapa wa kike wa kwanza kutoa albamu nzima peke yake, alijenga sehemu ya jina lake kwa kumshambulia kwa mistari rapa mwenzake Antoinette. Mlango alioufungua Shanté ulikuwa mlango wa jibu, na wengi walipitia hapohapo.

Mlango huo una ubaya wake. Lebo zilijifunza kwamba mwanamke anauzika akiwa anajibu, hasa akimjibu mwanamke mwenzake, na kwa muda mrefu zikaamini kwamba penye malkia mmoja hapawezi kukaa wa pili. Kila bifu la marapa wa kike linalochochewa na watu wasioingia ulingoni lina harufu ya mwaka 1985. Shanté hakuubuni mfumo huo, aliukuta na ukamtumia. Kilicho chake ni ile imani kwamba mtu akikutaja kwenye wimbo, una haki ya kuingia wimboni.

Nianze kusikiliza wapi?

Anza na wimbo wa UTFO, “Roxanne, Roxanne”, wote, bila kuruka. Halafu papo hapo weka “Roxanne's Revenge”, toleo la 1984. Usipozisikiliza kwa mfuatano huo utapoteza nusu ya raha. Baada ya hapo “Bite This” ya 1985, ambamo anawagusa wakubwa wa wakati ule bila kuogopa, kisha “Have a Nice Day”. Kutoka “Bad Sister” chukua “Independent Woman”, ambamo anawaonya wasichana wasikabidhi maisha yao kwa mwanaume. Ukikumbuka aliyoyapitia, mistari ile ina uzito mwingine. “Big Mama” iache ya mwisho, uisikilize ukiwa tayari umemjua.